Uso wa Neema

Uso wa Teresiah uliwadanganya watu wengi, na wa kwanza kudanganyika walikuwa watu wa nyumbani kwake. Kila alipopiga simu ya video, mashavu yamejaa, kidevu kimekuwa viwili, kule Kenya vilipigwa vigelegele. "Dubai imekukubali!" mama mkwe alisema, akawaita majirani waje kujionea. Na palepale, kabla hata salamu hazijaisha, angeingiza habari ya paa linalovuja. Angelaumiwa vipi? Mtu aliyenona namna ile, nani ataamini kwamba anakula wali na dengu mara moja kwa siku, tena amesimama?

Stephen, mumewe, alijua kwamba unene ule haukuwa wa chakula. Mikono na miguu ya mke wake ilikuwa ikikonda huku uso, shingo na tumbo vikifura. Ngozi yake ilikuwa imekuwa nyembamba. Akigongwa kidogo na kitoroli cha mashuka kule hotelini alikosafisha vyumba, doa jeusi lilimkaa wiki nzima. Usingizi ulikuwa umemkimbia. Angelala chali akitazama dari, halafu katikati ya kimya aseme, "Leo wamemwita mwingine ofisini, Baba Ivy. Ameshuka na viatu vyake mkononi."

Hofu ya ofisi ile ya juu, ya kuachishia watu kazi, waliilalia na kuiamkia. Kampuni ya mizigo aliyofanyia kazi Stephen kule Freezone, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, ilikuwa imempa likizo isiyo na mshahara na kumwambia asubiri simu, na simu ilikuwa bado haijalia. Viza, kadi ya bima, kodi ya chumba chao cha kugawanywa kwa mbao pale Satwa, karo ya mtoto wao Ivy aliyebaki na bibi yake, vyote viliegemea mgongo mmoja, na mgongo huo ulikuwa mbovu. Ndipo Resty alipoingia.

Resty alikuwa mwanamke wa Kiganda, wa maneno mengi na roho nzuri, mpangaji wa upande wa pili wa ubao. Aliuza vidonge vya kahawia ndani ya vijifuko vya nailoni visivyo na jina. Ni mitishamba mitupu, alisema, ya mgongo na uchovu. Teresiah alianza na kimoja kwa siku, akafika viwili. Wiki ya kwanza tu alirudi kutoka kazini akiimba. "Banange, sikukwambia?" Resty akacheka kupitia ubao. Tangu hapo miezi ilipita, na Teresiah hakukosa siku hata moja, si ya kazi wala ya vidonge.

Stephen alivichukia. Kwa mdomo alisema anavichukia kwa sababu vinaharibu sura ya mke wake, na hilo lilikuwa kweli. Lakini palikuwa na jambo jingine, dogo na la aibu, ambalo hakumwambia mtu. Mwanamume asiye na kazi, akimwona mkewe anaamka na kusimama kwa nguvu ya kidonge, huanza kukionea kidonge hicho wivu kama mwanamume mwenzake.

*

Ushirika wao ulikutana Jumapili jioni katika chumba cha kukodi ndani ya uwanja wa kanisa. Wengi walikuwa Wakenya: walinzi, wahudumu wa mikahawa, wasafishaji waliokuja kutoka kambi za wafanyakazi za Sonapur. Sammy, ambaye siku nyingine zote aliendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, Jumapili alikuwa Mchungaji Sammy, na hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo. Alikuwa mtu mwema. Hilo lisemwe mapema, maana mbele ya safari msomaji anaweza kumchukia bure.

Kila walipoanza mfungo wa wiki nzima walikuwa na desturi yao waliyoiita Jioni ya Fimbo. Kila mtu alileta kitu anachokiegemea badala ya Mungu, akakitupa katika mfuko mweusi wa taka ulioshikwa na mchungaji mwenyewe. Mmoja alitupa pakiti ya sigara. Mlinzi mmoja aliifuta programu ya kamari kwenye simu yake mbele ya watu wote, wakampigia makofi. Wanawake walipita wamefumba viganja, wakaachilia vitu vyao bila kuvionyesha, na hakuna aliyewauliza.

Teresiah alikwenda mikono mitupu. "Mimi sina fimbo, mchungaji. Nimechoka tu."

"Anayo," Stephen akasema nyuma yake.

Alikuwa amevitoa chini ya godoro mchana ule, na alijua anachofanya. Aliviinua vijifuko juu, watu wakaviona, kisha akavitumbukiza katika mfuko wa taka. Watu wakaitikia amina. Mchungaji akamshika bega kwa furaha. "Huyu ndiye mume anayepigania nyumba yake! Dada Teresiah, kuanzia leo nguvu yako inatoka juu."

Walipofika kituo cha basi Teresiah alimpa mgongo.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa." Alikuwa akitazama magari. "Na wiki hii ndiyo wanapitia majina, Stephen."

Tangu Ivy azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina lake. Stephen akajifanya hakusikia.

*

Jumatatu alikwenda kazini. Jumanne alikwenda pia, akarudi ameshika ukuta, midomo imemkauka, akasema viungo vyote vinamuuma kana kwamba amepigwa. Stephen akamwambia hiyo ndiyo njaa ya mfungo, itazoeleka. Resty alinong'ona kupitia ubao kwamba anavyo vidonge vya akiba. Teresiah akakataa. Angewezaje kuvishika tena, baada ya ukumbi mzima kuitikia amina?

Jumatano asubuhi aliingia bafuni, bafu lile moja la watu wote wa nyumba ile, na hakutoka. Foleni ikaanza kugonga mlango. "Yalla, dada, gari la kampuni linatuacha!" Stephen alipousukuma mlango alimkuta amepiga magoti, anatapika maji ya njano, jasho baridi linamtiririka. Walioshika taulo na miswaki walisimama wakimtazama mke wake aliyefungua nguo nusu. Mmoja akasema, kwa sauti ya kutaka isikike, kwamba watu wenye mimba wapangiwe kwingine.

"Niinue," Teresiah akasema. "Niende kazini."

Akamwinua. Magoti yakakunjika, akamwangukia kifuani. Hapo Stephen ndipo alipoogopa.

Gari la wagonjwa hakuliita, kwa sababu chumba cha mbao, kilichokatazwa na sheria, si chumba cha kuonyesha watu wenye sare. Mwenye nyumba angewatoa wote siku hiyohiyo. Alimbeba hadi barabarani. Teksi mbili zilipunguza mwendo, zikamwona mwanamke aliyelegea, zikaongeza mwendo. Dereva wa tatu alikubali, lakini kwanza alimpa Stephen mfuko wa plastiki na kumtaka aahidi kwamba akimchafulia kiti atakilipia. Stephen aliahidi. Angeahidi chochote.

Ndani ya teksi simu ikaita. Ilikuwa madam, msimamizi wa wasafishaji hotelini. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. "Alete karatasi ya daktari leo, nitamtetea. Bila karatasi, khalas, siwezi kufanya kitu."

"Ataleta, madam. Ni homa tu. Ataleta."

Teresiah alikuwa amefungua macho. Akamshika mkono wa shati. "Usiseme habari ya vidonge," akasema polepole. "Hata wakiuliza. Watanifunga, ama wanirudishe nyumbani. Niapie, Baba Ivy."

Kila Mkenya wa Satwa alikijua kisa cha msichana aliyekamatwa uwanja wa ndege kwa sababu ya dawa ya kifua. Hakuna aliyemjua msichana huyo, wala mwaka, lakini kila mmoja alikisimulia kana kwamba alikuwepo. Stephen akaapa.

*

Kwenye mapokezi ya dharura walitaka kwanza kadi ya bima. Stephen alipekua mkoba wa mkewe kwa mkono mmoja huku mwingine ukimzuia asidondoke kwenye kiti. Karani aliitazama kadi, akamtazama Teresiah, akaitazama tena picha iliyo kwenye kadi. "Huyu ni yeye?" Picha ilikuwa ya mwanamke mwembamba, mwenye mifupa ya shavu.

"Ni yeye, sir. Amenenepa."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kitanda, pazia, sindano ya dripu. Daktari Lamees, mama wa makamo mwenye miwani iliyosukumwa juu ya mtandio, aliuliza kwa Kiingereza kama mgonjwa anatumia dawa yoyote. Stephen akasema hapana. Aliuliza kama ni mjamzito, kama ana kisukari, kama amekunywa kitu kibaya. Hapana, hapana, hapana. Dripu ya kwanza iliingia yote. Presha haikupanda. Sukari ilikuwa chini, chumvi ya damuni ilikuwa chini. Teresiah alikuwa ameacha kumjibu mtu. Akiitwa, anasogeza macho tu.

Daktari alimwambia jambo muuguzi wake, akatoka kwenda kuyasubiri majibu mengine. Muuguzi akabaki. Beji yake iliandikwa Fairuz, na Stephen alidhani ni Mwarabu mpaka alipofungua kinywa.

"Kaka yangu, wewe Mkenya, sio? Mimi kwetu Unguja, ingawa n'mezaliwa hapahapa. Hebu n'tazame. Mkeo anatumia dawa gani?"

Kuongopa kwa Kiingereza kulikuwa rahisi. Maneno hayakuwa yake. Sasa aliusikia uongo wake waziwazi, kwa lugha aliyomtongozea mke wake.

"Hakuna," akasema. "Amefunga tu. Ni mfungo wa kanisa."

Fairuz akarekebisha dripu. Na hapo simu ya Stephen ikaita tena, madam, ikakatika kabla hajaipokea, na kioo kikabaki kimewaka. Juu ya kioo palikuwa na Teresiah wa zamani, anacheka, ameshika puto siku ya kuzaliwa ya Ivy.

"Nani huyu?"

"Ni yeye."

Fairuz aliichukua simu bila kuomba. Akaiweka kando ya uso ule uliolala kwenye mto, uso wa mviringo uliokuwa ukisifiwa Kenya nzima. Akafunua mkono wa Teresiah, akayaona madoa meusi. Akafunua shuka kidogo, akaiona mistari mipana ya zambarau tumboni. Aliporudi kumtazama Stephen hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi.

"Sikiliza. Sisi tunatafuta gonjwa gizani, na mkeo anakwenda. Unafahamu maana ya anakwenda? Presha hiyo haimfikishi jioni. Mimi si polisi, wala daktari si polisi. Nakuuliza mara ya mwisho, kisha n'tamuuliza Mungu."

Stephen aliutazama mkono wa mke wake, ule ule uliomshika shati akimtaka aape. Akaona akilishika neno lake atamzika nalo.

"Kulikuwa na vidonge," akasema. Sauti ilimtoka kubwa kupita alivyotaka. "Vya kahawia. Vya mgongo. Miezi mingi. Mimi ndiye niliyevitupa. Jumapili. Hakutaka, nikavitupa mbele ya watu."

Fairuz hakungoja amalize. Alitoka mbio, na viatu vyake vya mpira vikalia sakafuni mpaka mwisho wa ukumbi.

*

Walimchoma sindano moja kwenye mshipa, wakaweka dripu nyingine. Stephen alikaa kwenye kiti cha plastiki akitazama namba za mashine. Alizichukia namba zile kuliko alivyowahi kuvichukia vidonge. Kwa muda mrefu hazikuonyesha kitu. Kisha zikaanza kupanda, kidogo, zikarudi chini, zikapanda tena. Adhuhuri ilipita. Teresiah akageuza shingo, akaomba maji.

Stephen akalia. Alilia bila kuficha, makamasi na vyote, na mtu wa usafi aliyekuwa akipiga deki akamzunguka taratibu asimguse.

Daktari Lamees aliporudi alivuta kiti, akaeleza, na Fairuz akayaweka maneno kwa Kiswahili. Juu ya kila figo, alisema, pana tezi ndogo. Ukishtuka, ukiumwa, ukishinda na njaa, ukiitwa na bosi, tezi ile inamwaga homoni ya kukusimamisha: inashikilia presha, inaipa damu sukari, inakwambia bado unaweza. Ni homoni ya kuvukia siku mbaya.

"Sasa mwenye siku mbaya kila siku," Fairuz akaongeza, na ilionekana hapo hakuwa akimtafsiria mtu, "homoni hiyo haipumziki. Usingizi unakimbia, presha inapanda, sukari inapanda. N'nawaona hapa kila wiki, wasichana wadogo wenye presha za bibi zao. Mkeo alikuwa keshachoka kwa dhiki. Kisha akapewa vidonge. Vile si mitishamba, kaka. Ndani yake mmetiwa dawa inayofanya kazi ya homoni ileile, tena kwa wingi. Ndiyo iliyomvimbisha uso. Tezi zake zikaona kazi inafanywa na mwingine, zikalala. Ukaviondoa ghafla, ukamfungisha, akaenda kazini na hofu yake. Mwili ukaita msaada, na wa kuitika hayupo."

"Mimi nimemuua," Stephen akasema.

"Hajafa. Lakini vidonge hivi haviachwi hivi hivi. Vinapunguzwa polepole, miezi, na daktari anaangalia. Mwenye kuvitumia asithubutu kuacha siku moja."

Daktari akauliza kama inawezekana kukipata kijifuko kimoja, wakipime, wajue kipimo chake. Stephen akatoka ukumbini akampigia Resty.

"Mimi? Vidonge gani?" Resty akasema kwa sauti ya juu, ya kusikiwa na watu wengine. "Mimi siuzi kitu!" Akakata.

Stephen akamtumia picha. Hakuandika neno, picha tu ya Teresiah na mipira yake ya dripu. Resty na Teresiah walikuwa wamelala miezi yote hiyo wakisikilizana pumzi kupitia ubao mmoja. Alasiri Resty akatokea kwenye mlango wa wodi, amejifunga mtandio hadi machoni, kijifuko amekificha kifuani.

"Nilinunua kwa mtu," alikuwa akisema kabla hata hajafika. "Mimi nilijua ni mizizi. Wallahi, wanaapa hapa hivyo, wallahi ni mizizi. Mimi mwenyewe nameza!"

Fairuz alimvua mtandio kwa vidole viwili, kwa upole. Uso wa Resty ulikuwa wa mviringo kama wa Teresiah.

"Na usiache leo," Fairuz akamwambia. "Kesho uje uonwe. Wengine unaowauzia ni nani?"

Resty akaangalia sakafu. Akaangalia Stephen. "Ni wa ushirika wao," akasema. "Wanawake wengi sana. Mercyline, yule anayeongoza nyimbo, ndiye wa kwanza, anameza vitatu kwa siku. Jumatatu nilimpelekea mzigo Sonapur akaurudisha. Wote wamerudisha. Wanasema wametupa kwenye mfuko wa mchungaji."

Stephen aliviona vile viganja vilivyofumbwa, vikipita kimoja baada ya kingine. Na yeye ndiye aliyewaonyesha walio na mashaka jinsi ya kufanya, kijifuko juu, watu wakiangalia.

*

Daktari alisema waambiwe leo hii, na Stephen alimpigia Mchungaji Sammy kwanza. Sammy alisikiliza mpaka mwisho, pumzi zake zikisikika, na nyuma yake mashine za ghala zikipiga honi.

"Bwana asifiwe kwamba dada yuko hai," akasema. "Lakini, ndugu yangu, usiliweke hilo kwenye kundi. Watu wako katikati ya mfungo. Mtu mmoja ameanguka, utawaangusha wote? Na mambo ya dawa, uongozi wa kanisa wakisikia, chumba tutanyimwa. Nipe mpaka Jumapili niwaambie mwenyewe, kwa hekima."

"Daktari amesema leo."

"Jumapili, Stephen. Tafadhali. Nakuomba kama kaka."

Stephen akasimama kando ya kitanda, simu mkononi, kidole juu ya kundi la ushirika. Angeweza kuandika palepale. Maneno yalikuwa yamejaa kichwani. Lakini ilikuwa habari ya mwili wa mke wake, na mara ya mwisho alipoupeleka mwili ule mbele ya watu bila kuuliza, aliuleta hapa.

"Mama Ivy," akasema. "Nataka kukuuliza kitu."

Akamweleza yote, na Teresiah akasikiliza amefumba macho. Kwenye meza ndogo ilikuwapo karatasi aliyoileta Fairuz, ya kupeleka hotelini. Ilisema amelazwa, apumzike, basi. Kwa karatasi ile madam alikuwa ameahidi kumtetea.

"Kwa kundi hilo kuna wawili wa kazini," Teresiah akasema. "Yule mmoja hulala na habari za watu mdomoni. Nikisema vidonge, kesho madam anajua. Nitaitwa juu."

"Najua."

"Na wewe simu haijalia."

"Haijalia."

"Ivy atasomea wapi?"

Stephen alitaka kusema Mungu atafungua njia, akaona haya kulisema. Akaketi ukingoni mwa kitanda, wakakaa hivyo, watu wawili wasio na kitu, wakiogopa kupoteza hicho kidogo. Nje ya pazia mtoto wa mtu alikuwa akililia juisi.

"Aki Mercyline," Teresiah akasema mwishowe. "Yeye hata hana mume wa kumbeba." Akanyoosha mkono uliofungwa plasta. "Lete simu yangu. Wewe utawahubiria. Mimi nitawaambia."

Akashikilia kitufe cha sauti. Ilimbidi apumzike katikati ya maneno.

"Ni mimi, Teresiah. Mama Ivy. Niko hospitali. Nilikuwa nameza vile vidonge vya kahawia vya mgongo, mnavijua, msijifanye. Nilipoacha Jumapili nimekaribia kufa. Si mapepo. Si kukosa imani. Mwili umezoea, ukiacha mara moja unazima. Kama ulitupa chako, usingoje Jumapili. Fungulia chakula, nenda hospitali sasa hivi, uwaambie ukweli. Kama huwezi kusimama, mwambie mtu akubebe. Usione aibu. Mimi nimeshaona aibu yote, haijabaki ya kwenu."

Akaachilia. Majina yakaanza kuingia kwenye orodha ya waliosikiliza, moja, mengi. Hakuna aliyeandika. Wale wawili wa hotelini walisikiliza. Mchungaji Sammy alisikiliza, na Stephen akangoja aufute ujumbe, kwa kuwa alikuwa na uwezo huo. Dakika zikapita. Kisha Sammy akaandika: Fanyeni alivyosema dada. Nani yuko wapi, nina gari la kampuni.

Hapo ndipo zilipoanza kuingia, wala si kwenye kundi. Ziliingia kwa Teresiah peke yake, kwa siri, zikigongana. Dada, mimi nilitupa. Mama Ivy, natapika tangu jana, ni hiyo? Dada usitaje jina langu, nimeacha, nifanye nini? Mlinzi mmoja mwanamume, mkubwa wa mwili, aliandika kwamba na yeye anavyo. Fairuz alisoma juu ya bega la Teresiah, akaenda kumwita daktari.

"Mercyline hajaandika," Teresiah akasema. "Hata hajasikiliza."

Akampigia. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Safari hii ikapokelewa, na sauti haikuwa ya Mercyline.

"Halo? Mwenye simu amelala."

"Amelala tangu lini?"

"Mimi nilitoka shifti asubuhi nikamkuta amelala. Alitapika kidogo, halafu akatulia. Tumemwacha apumzike."

"Mwamshe."

"Wee, dada, si mnafunga? Alituambia wiki hii tusimsumbue."

"Mwamshe!" Teresiah alipiga kelele, akajaribu kuinuka na dripu yake, Stephen akamshika mabega. "Mwamshe sasa hivi!"

Fairuz alikuwa amerudi. Aliichukua simu, akaanza kuuliza namba ya jengo na ya chumba, lakini kule upande wa pili simu ilikuwa imewekwa chini. Wakasikia kandambili zikikokota sakafuni, kisha sauti ya yule mwanamke ikiita, Mercyline, Mercyline, kwanza polepole, kama mtu anayeona haya kumkatizia mwenzake usingizi, kisha kwa nguvu.